Kikohozi Kimoja

"Ukimtambua, kohoa tu," mwanamume mwenye tai alimnong'oneza mwalimu. "Kikohozi kimoja, na mwanao analala kwako leo."

Asubuhi hiyo waziri alikuwa ametangaza redioni kwamba mtandao wa kusafirisha watu umesambaratishwa. Labda. Mtandao wenyewe ulikuwa umeketi benchi la tatu mahakamani, umevaa tai, umembana mwalimu ubavuni.

Shahidi alikuwa nyuma ya pazia jeusi; akimaliza kusema, serikali ingemhamishia mbali, kwa jina jingine. Mashine ilimbadilisha sauti ikawa kama ya mtu aliyemo ndani ya pipa. Lakini kigugumizi hakina mashine ya kukificha, na tangu jana watu walikuwa wakisikia maneno yanavyomkwama. Ndiyo maana wakamfuata mwalimu. Watoto wenye kigugumizi mjini pale wote walipita mikononi mwake. Kila mmoja alimfundisha kugonga kitu kwa mdundo wake mwenyewe, neno likikwama, mpaka litoke. Wengi walipona, ingawa hofu ikizidi, hata aliyepona kigugumizi humrudia.

Miezi miwili sasa mwanawe, dereva wa lori, hajulikani alipo. Polisi walimwambia asubiri, na asiulizeulize. Hawa wenye tai walimwambia, "Tunaye." Angefanyaje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikuwa ameshaamua: atakohoa, na huyo wa nyuma ya pazia, mtoto wa watu, Mungu atamstiri.

"Ndani ya kontena uliwakuta watu wangapi?" wakili wa serikali akauliza.

Neno likamkwama shahidi. Kisha mbao ikagongwa nyuma ya pazia: mara moja, kituo kidogo, halafu mbili za harakaharaka.

Mwalimu akamjua papo hapo. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, ndiye hasa aliyemfanya aianze kazi hii. Koo likamwasha. Akameza mate, akameza tena, machozi yakimlengalenga.

"Vipi, mama?"

"Simjui. Huyu si wangu."

"Fikiria vizuri." Mwenye tai hakupandisha sauti. "Ukitoka humu hujakohoa, mwanao hutamwona tena maishani."

"Najua," alijibu, asibandue macho kwenye pazia ambalo nyuma yake mwanawe alikuwa ameanza kuwataja wenye tai, mmoja mmoja.