Uzi wa Buluu Ndani ya Kola

Haya aliniambia fundi Mitri mwenyewe, mwaka aliokuja kututengenezea mlango, akitema msumari mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi wakoloni walipofungua gereza la ngome ya kisiwa cha Arwadi, pwani ya Shamu, na kuwaachia wafungwa wote, Mitri alikuwa wa mwisho kutoka. Hakuwa na haraka. Nje alikuwa akisubiriwa na mama asiye wake.

Shati alilovaa lilikuwa la Bashiri, mwana wa kisiwani hapo, aliyelala naye sakafu moja. Kila Alhamisi mama yake Bashiri alipitisha kikapu kwenye tundu la ukuta: mkate, zeituni, shati lililofuliwa, na ndani ya kola mshono mmoja wa uzi wa buluu. Bashiri aliung'oa. Shati chafu likirudi halina uzi, mama alijua mwanawe yu hai.

"Siku hizi mshono wa mama umenyooka," Bashiri alicheka siku moja. "Hatimaye bibi kizee kakubali miwani."

Kifua kilimmaliza Bashiri majira ya baridi, karibu miaka miwili kabla ya asubuhi hiyo. "Uwe unaung'oa wewe," alimwambia Mitri kabla ya kukata roho. "Mama moyo wake mbovu. Akijua, hafiki kesho."

Mitri akawa anaung'oa. Walinzi walibadilishwa kila mara, hawakujua nani ni nani. Kikapu kikiitwa kwa jina la Bashiri, yeye ndiye aliyeinua mkono.

"Mama yako anakufulia kama bwana harusi," mlinzi mmoja alimtania.

Alikuwa ameula mkate ule karibu miaka miwili. Sasa ataanzia wapi kumwambia yule mama?

Mlangoni watu walikwisha kukumbatiana na jamaa zao, wakaenda zao. Hakukuwa na bibi kizee. Alibaki mwanamke mmoja tu, wa miaka thelathini hivi, ameketi kivulini na kikapu mapajani. Alilitazama shati, akatabasamu.

"Bashiri kakuazima? Ndivyo alivyo huyo. Mimi Naziha, mchumba wake."

"Mama yake yuko wapi?" Mitri aliuliza.

Naziha aliuchungulia mlango kwanza, kisha akashusha sauti.

"Kaka yangu, tafadhali usije ukamwambia Bashiri. Mama tulimzika mwaka ule ule mwanawe alipofungwa. Nikawa nashona mimi, asije akajifia humo kwa majonzi. Na leo sijui nitaanzia wapi." Akasogea, akampisha kivulini. "Kaa nami. Akitoka, unisaidie."

Mitri akakaa.

Jua lilipanda. Naziha alikuwa hajafumba jicho tangu habari za kufunguliwa zilipotangazwa. Kichwa chake kikaanza kumwangukia Mitri begani.

"Ukimwona, niamshe," alisema, na usingizi ukamchukua, uso kauelekeza mlangoni.