Kijiti cha Mzee Tokuji

Tone la lehemu ya moto lilimdondokea Tokuji pajani, naye akauma meno. Alimwambia mkewe Sumie kwamba mtu aliyeshona mikeka ya tatami maisha yake yote bila kujidunga sindano hawezi kushindwa na nyaya za rangi. Haikuwa kweli. Alijidunga karibu kila siku, na Sumie ndiye aliyemfunga vidole.

Sanduku lililokuwa mbele yake lilikuwa na kijiti cha kuchezea gemu chenye kirungu chekundu, na vitufe vilivyolika. Alipewa na mwenye ukumbi wa gemu wa pale Sakai siku ulipofungwa. Ujana wake aliumalizia mle, akipigana na rafiki yake Makabe kwenye kioo cha gemu. Sasa Makabe alikuwa amehamia Nagoya kwa bintiye, amenunua mashine mpya ya gemu, na kila Jumapili alipiga simu kumkumbusha kwamba siku hizi wanaume wanakutana mtandaoni.

Tokuji akanunua mashine kama ile. Ilikuja na pedi ndogo isiyo na waya, ya kushika mikononi, na vidole vyake vinene vikawa vinabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Makabe alimchapa mpaka akamwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma. Pedi akampa Sumie aitupe na takataka. Tangu hapo hakutoka nyumbani, hata bafu la mtaa, walikooga wazee wenzake, alilisusa. Watu wakiuliza hali, alijibu kwamba bingwa anapumzisha aibu yake.

Ndipo Awazu, mwenye duka la vipuri, alipomuuzia bodi ndogo ya umeme. Ukiitia ndani ya sanduku badala ya ile ya zamani, alisema, kijiti kizee kitaelewana na mashine mpya.

Siku ya kwanza Tokuji alipochomeka waya, mpiganaji wake kwenye runinga alisimama kama nguzo. Alikung'uta, akapuliza, akaomba. Mwisho akasema amefaulu kutengeneza sinia ghali la kubebea chai, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake Sumie alimsihi ajaribu tena. Wakakaa kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye joto chini na mfarishi juu yake, Sumie upande wa pili, mikono ameificha ndani ya mfarishi kwa baridi. Mpiganaji akaruka.

"Umeona?" Tokuji alisema taratibu. "Kumbe lehemu nayo inataka kulala."

Jumapili ile alimpiga Makabe, na Jumapili iliyofuata akampiga tena. Mwenyewe hakuelewa sawasawa anavyoshinda. Mara nyingine alivuta kijiti kulia, mpiganaji akarudi kushoto na kukwepa teke ambalo yeye hata hakuliona. Alimwambia Makabe kwa simu kwamba kijiti hiki kina akili kumzidi mwenyewe, na kwamba hilo si jambo gumu. Sumie akienda jikoni kuchemsha chai, mpiganaji aliganda. Tokuji alilizaba sanduku kofi, nalo likamkaidi mpaka mkewe arudi na kukaa.

"Una nyota, mke wangu," alimwambia. "Usiwe unaniacha."

Akaanza kutoka tena. Bafuni aliwasimulia wazee ushindi wake mpaka maji yakapoa, nao wakamcheka, naye akacheka kuliko wao.

Jumapili moja, raundi ya kwanza na Makabe imepamba moto, Awazu aliingia na boksi la keki za maharagwe. Alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alikuwa akipanga rafu zake, alisema, akagundua kosa.

"Mzee, nisamehe. Bodi niliyokupa ni ya mashine nyingine kabisa. Haiwezi kuelewana na hii yako."

Tokuji alicheka, akamwonyesha runinga. Kama ndivyo, alisema, basi yeye ni fundi kuliko walioitengeneza. Awazu hakuridhika. Akaomba alifungue sanduku aone kwa macho yake.

"Fungua tu," Tokuji alisema, akalisukuma mezani. "Makabe akinipiga kidogo leo atalala vizuri."

Awazu alilegeza skrubu, akaitoa bodi, akaigeuza kwenye kiganja. Ilikuwa nyeusi upande mzima.

"Imeungua, mzee. Nadhani tangu siku ya kwanza."

Tokuji aligeukia runinga aone amepigwa kiasi gani. Aliyelala chini alikuwa mpiganaji wa Makabe. Wa kwake alikuwa akirukaruka pembeni, akimngoja ainuke.

Upande wa pili wa meza, mfarishi ulikuwa ukitikisika, na chini yake vitufe vya pedi ile vikilia.

"Ngojeni kwanza," Sumie alisema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Amebakiza pumzi moja."