Povu la Udongo

Bomba la mafuta lilipopasuka na kulichafua shamba lao, Chande alimwambia mkewe, Sikudhani, kwamba hapo wamekwisha, bora wahamie kwa ndugu zake. Sikudhani hakubishana naye. Aliuacha upande mmoja kama ulivyo, na upande wa pili akaulima msimu mzima, akichanganya samadi na majani makavu na kuumwagilia usikauke.

Leo bibi shamba alikuja na kichupa cha dawa. Alichota udongo wa kila upande, akauweka katika visahani viwili.

"Udongo wenye uhai una vimeng'enya," aliwaeleza. "Vikiwapo, dawa hii itatoa povu."

Alidondosha dawa kwenye udongo ulioachwa. Hakikutokea kitu. Akadondosha kwenye ule wenye samadi, na povu jeupe likaumuka mpaka ukingoni.



"Mafuta hayajaisha," alisema bibi shamba, "ila udongo umeanza kuyala."

Chande alipiga magoti, akatega sikio juu ya kisahani chenye povu.

"Samadi imebaki, mama?" alimwuliza mkewe, bila kuinua kichwa.

"Ipo."

Hakuinuka. Alikuwa bado anasikiliza.