Msomaji wa Risala

Tanzia ya Vitus ilikuwa tayari tangu asubuhi. Aliyekuwa anachelewa ni Vitus mwenyewe.

Mwalimu Mikaeli aliisoma tena kwenye simu, kwa kificho, akiwa ameketi kando ya godoro la mgonjwa. "Kwa masikitiko makubwa nawataarifu wanadarasa wenzangu kwamba ndugu yetu Vitus hatunaye tena." Picha alishaiweka, ile ya Vitus akiwa na suti aliyoagwa nayo kazini. Lilibaki jambo moja dogo tu, nalo lilikuwa mikononi mwa Mungu.

Msimwone mbaya. Hao waliosoma pamoja chuo cha ualimu, sasa wote wastaafu wenye magoti yanayolia, wana kundi lao la WhatsApp, na kundi lina desturi yake: anayewahi kutangaza kifo cha mwenzao ndiye anayesoma risala ya darasa siku ya mazishi. Anakaa mbele na wafiwa, anashika kipaza sauti, na watu wazima wananyamaza kumsikiliza. Kwa mtu ambaye siku hizi hata mbwa wake akimwita haji, hiyo si heshima ndogo.

Na heshima yote ilikuwa inachotwa na Justine. Justine wa hapahapa Makambako, mtaa huuhuu wa Lyamkena, jirani kabisa na Vitus. Alisoma risala ya Konsolata, akasoma ya Stanley, akasafiri mpaka Bulongwa kusoma ya Frederick. Frederick alipofariki, Mikaeli alipigiwa simu wa kwanza, lakini alikuwa hajui miwani ameiweka wapi. Alipoipata, Justine ameshatangaza, na watu wameshaanza kuandika "pole sana".

Wivu ulimtafuna Mikaeli mpaka chakula kikawa hakipiti. Kwa hiyo aliposikia Vitus yu hoi, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipanda basi kutoka Njombe ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba, akashuka Makambako, akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa.

"Kamwene, shemeji," Erica, mke wa Vitus, alimpokea machozi yakimlengalenga. "Yaani umetoka Njombe na baridi yote hii! Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Tumwombe Mungu," alijibu Mikaeli, bila kutaja wanaomba nini.

Vitus alikuwa ametandikiwa sebuleni, karibu na jiko la mkaa, blanketi limemfika kidevuni. Mikaeli alimpenda kweli. Chuoni walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Vitus juu, yeye chini, na mche wa sabuni wakigawana kwa kuukata na uzi. Alipokumbuka hayo machozi yakamtoka, akayafuta haraka ili aone simu vizuri.

Aliletewa chai na viazi vya kuchemsha, hakugusa. Mikono iliyoshika viazi haiwezi kubonyeza upesi. Erica alidhani ni majonzi, akazidi kumheshimu.

"Justine hajapita?" aliuliza Mikaeli.

"Hajapita, shemeji. Tangu jana hatujamwona."

Kundini nako Justine alikuwa kimya tangu jana. Ukimya huo ulimtia Mikaeli hofu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alijiambia, akasogeza kiti karibu zaidi na godoro. Mlio wa simu alikuwa ameuzima, kwa heshima ya mgonjwa.

"Vitus, ndugu yangu," alinong'ona, "kama umechoka, usijilazimishe kwa ajili yetu."

Vitus alifumbua jicho moja, akamtazama kitambo, akalifumba.

Hodi ikapigwa. Jirani mmoja alimwita Erica nje, wakanong'onezana. Erica alirudi amejishika kichwa, akapiga magoti, akasema neno sikioni mwa mumewe, kisha akaingia chumbani bila hata kumtazama mgeni. Mikaeli aliona wazi kwamba mke ameagana na mume. Akaweka kidole tayari juu ya simu.

Vitus alishusha pumzi ndefu. Akalivuta blanketi polepole, akajifunika gubigubi. Chini ya blanketi vidole vilionekana vikitembea, kimoja baada ya kingine. Ni rozari, Mikaeli alijua, maana Vitus alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa. Vikatembea, vikasita, vikatembea tena. Halafu vikatulia.

Mikaeli alilikodolea macho blanketi. Halikutikisika.

Erica akatoka chumbani amejifunga kanga na kujitanda nyingine, macho mekundu. "Shemeji," alisema, "tumepata msiba..."

"Najua, shemeji. Nimeshuhudia mwenyewe," alisema Mikaeli, na papo hapo akabonyeza.

Tanzia ikaenda. Mikaeli alifumba macho. Aliona umati, aliona kipaza sauti, alimwona Justine amesimama nyuma kabisa na watu waliochelewa. Alijisikia furaha, akajisuta, lakini furaha haikuondoka.

Ndipo simu ikalia chini ya blanketi.

Mikaeli aliangalia ya kwake. Tanzia yake ilikuwa ya pili. Juu yake palikuwa na nyingine iliyoitangulia kidogo tu, imetoka kwa Vitus: "Ndugu zangu, Justine wetu hatunaye tena. Risala nitasoma mimi."