Mikwaruzo ya Pete

Kabla ya kugusa gari, Maman alivua pete yake ya ndoa akanipa.

"Shika, Kamikazi. Isikwarue rangi tena."

Lile "tena" nililisikia, nikalipuuza.

Kesho yake gari hilo kuukuu la Papa, marehemu baba yangu, lilikuwa linipeleke kanisani kuolewa, na Maman hakutaka fundi. Aliliosha, akalisogeza kivulini nyuma ya nyumba yetu ya Kamembe, kisha akapitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo. Ukucha ukikwama, aliuacha mkwaruzo huo. Ukiteleza, alipaka dawa ya meno, akasugua kwa kitambaa kibichi, mviringo mdogo mdogo, mpaka buluu ikarudi.

Nyuma, kwenye buti, mikwaruzo ilijaa mahali pamoja, kimo cha mikono yake.

"Hii ilitoka wapi, Maman?"

"Siku ya kukimbia Bukavu. Mafuta iliisha njiani, nikasukuma mpaka ngambo ya daraja, upande wa huku. Ninyi batoto mulikuwa mumelala ndani."

Miaka yote hiyo nilidhani ni gari lililotuvusha.

Niliitazama mikono yake, myembamba, yenye povu jeupe hadi vifundoni.

"Basi uiache hiyo, Maman."

"Bibi-arusi hapande gari ya mikwaruzo."

Akasugua. Alipopangusa, nikapitisha ukucha wangu pale. Haukugusa kitu.

Nikamnyooshea pete yake. Akavikunja vidole vyangu juu ya pete, akaenda kuteka maji ya kusuuzia gari.