Mazutu ya Godefroid

Delphine alikataa kushuka. Vijana walikuwa wakilisukuma gari lake kwenye vumbi la Naviundu, wakihema, naye amekaa kwenye usukani na uso wa mfiwa, akimlaani mtu mmoja tu moyoni mwake: Godefroid.

Gari lilikuwa limekohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Hata kona halikufika. Lilikuwa limetoka tu kunywa kidumu cha mazutu, kama dizeli inavyoitwa Lubumbashi, petroli ikiitwa esansi, na kidumu hicho alikimimina Godefroid kwa mkono wake, pale kando ya barabara anapouzia mafuta. Delphine hakuwahi kununua kwa mwingine. Wazazi wao walitoka Kasai pamoja, wao wenyewe waliimba kwaya moja, na Jumapili hii Godefroid alikuwa awe parrain, yaani msimamizi, wa Léa, binti wa Delphine, amwekee mkono begani mbele ya askofu kwenye kipaimara. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kukuuzia uchafu? Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Na siku gani aliyoichagua! Liévin, mume wake, hakuwepo. Alikuwa amerudi na gari usiku kutoka Kasumbalesa, na alfajiri akamuaga tena, akapanda lori la wenzake kwenda Kilwa ya ziwani kununua samaki. Barabara za huko zinakula magari, alisema, kwa hiyo gari libaki nyumbani. Akaacha ufunguo mezani. Mwanaume mwenye huruma, Liévin, hata kwa vyuma.

Godefroid aliwafuata kwa miguu mpaka gereji ya fundi Rigobert, jasho likimtoka.

“Maman Léa, sikia. Mazutu yangu iko propre, haina uchafu. Mi siwezi kukufanyia vile.”

“Usiniite tena Maman Léa,” alisema Delphine, kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia. “Mutoto wangu nitamutafutia parrain mwingine. Muntu mwenye kuiba mu tangi ya ndugu yake, hasimame na mutoto wangu mbele ya Mungu.”

Godefroid akageuka, akaenda zake. Delphine alimtazama mgongo mpaka akapotea, na ikamuuma kuliko gari lenyewe. Wauza mafuta wa kumdanganya wapo wengi. Ndugu wa kumlilia hakuwa naye mwingine.

Chini ya kivuli cha mabati kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mama mmoja kijana, kitenge kipya, mtoto amelala mapajani. Alisogea kumpa nafasi.

“Pole, maman. Mi pia wananiua hivi hivi. Nilitia esansi asubuhi, gari ikakufa mu mulango ya soko.”

“Wauzaji wa leo hawana tena Mungu,” alisema Delphine.

“Hawana.” Yule mama alimpa karanga kiganjani. Jina lake Honorine. “Kama bwana yangu angekuwa hapa, wangemutambua. Lakini ye, paka safari tu, jana usiku aliondoka tena.”

“Wangu vilevile. Siku ingine nasahau sura yake.”

Wakacheka. Delphine alishangaa kwamba bado anaweza kucheka. Alimpenda binti yule hapo hapo. Akamshika mtoto kidole cha mguu, akauliza jina, akaambiwa Dan. Kuna siku mgeni wa benchi anakufaa kuliko uliyekula naye miaka.

Rigobert alitoka chini ya boneti, akichezea mafuta kati ya vidole. Aliyanusa. Akayanusa tena, kisha akamtazama Delphine kwa namna ya mtu anayetafuta maneno mazuri ya kusema jambo baya.

“Maman, ulitia nini?”

“Mazutu.”

“Njo ile. Mazutu ya Papa Godé iko muzuri kabisa. Lakini hii moteur iko ya esansi.”

“Haiwezekani. Tangu tuliinunua inakunywa mazutu.”

“Ingekuwa inakunywa mazutu, leo isingekufa.”

Delphine aliona tena mgongo wa Godefroid ukiondoka, na akajua kwamba kwa miguu yake mwenyewe angepaswa kwenda kumwangukia. Basi aliyemsaliti mwenzake leo alikuwa yeye. Machozi yalikuja bila kuombwa. Honorine akamshika mkono.

“Na weye usimulilie sana,” Rigobert akamwambia Honorine, akijipangusa mikono. “Yako ni vilevile, lakini paka kinyume. Yako iko ya mazutu, ukaitia esansi. Leo munataka kuniua na hizi jeep zenu za kufanana kama mapacha.”

“Unaota, papa. Yangu iko ya esansi. Bwana yangu mwenyewe alinionyesha siku alinipa.”

“Basi mupigie, akuambie. Mi sibishane na bamama.”

Honorine alicheka, akatoa simu. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa bado umemshika Delphine, aliiweka juu ya benchi kati yao, sauti ikawa wazi kwa wote.

“Papa Dan, tuambie. Gari yetu iko ya esansi ao ya mazutu? Mécanicien anabishana na siye, mi na maman mumoja hapa Naviundu, ye pia jeep yake imekufa, sawasawa na yetu.”

Ndani ya simu hapakuwa na ngurumo ya lori wala upepo wa njia ya Kilwa, ila redio ikiimba polepole ndani ya nyumba.

“Honorine,” ikasema sauti ya Liévin, “uko na maman gani?”