Ukurasa wa Tabaruku

Siku hizi chuo hakipokei tasnifu mpaka mtu aliyetunukiwa kazi hiyo kwenye ukurasa wa tabaruku akubali kwa sauti yake. Programu ya kupanga kurasa ndiyo inayompigia.

Mwanakheri alikuwa amemaliza sura sita juu ya ujirani, pambizo zimekaa sawa; jina tu ndilo lililokosekana. Mama alishafariki. Akamwandika mdogo wake, Rukia.

“Miaka mitatu hupokei simu zangu,” Rukia alijibu alipopigiwa, “leo ndiyo umenikumbuka? Nitoe humo.”

Programu ikalifuta jina taratibu. “Basi niandike mimi, dada,” ikasema kwa upole.

Mwanakheri akasita, kisha akabonyeza. Kurasa zote zikajipanga.

“Ahsante,” ikasema. “Mwaka huu wenzako wote wameniandika mimi.”